Zermatt wakati wa theluji: mwongozo kamili kwa anayekwenda mara ya kwanza

Zermatt iko kusini mwa Uswisi, katika jimbo la Valais, mwisho kabisa wa bonde lenye njia moja tu ya kuingilia. Mji wenyewe uko mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari. Ukiupita hakuna barabara tena: kuna mlima Matterhorn, mita 4,478, na nyuma yake ni Italia. Ndiyo maana gari haliingii, bei ziko juu, na theluji ikizidi hakuna njia ya kuzunguka. Anayepanga safari kwa kuufuata mlima unavyotaka huondoka ameridhika. Anayejaza kila saa kwa tiketi zisizobadilishika huishia kulipia vitu asivyovitumia.

Chagua tarehe kabla ya hoteli

Msimu wa theluji huanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Aprili, ingawa juu kwenye barafuto, yaani barafu ya kudumu ya mlimani, watu huteleza kwa mbao za skii hata Julai. Bei hupanda katika vipindi viwili: kuanzia Krismasi hadi wiki ya kwanza ya Januari, na tena Februari shule za Ulaya zinapofungwa. Katika vipindi hivyo hoteli nyingi za kifahari hazikubali kuuza usiku mmoja au miwili. Zinataka wiki nzima. Nafasi nzuri ziko nusu ya kwanza ya Desemba, kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wake, na kuanzia katikati ya Machi.

Kwa mtu anayetoka nchi ya joto, ushauri wetu ni Machi. Theluji bado ni nyingi, jua linatoka, mchana ni mrefu, na baridi haimalizi nguvu zako kabla hujajifunza kusimama. Januari mji huwa mzuri kama picha, lakini alfajiri mjini inaweza kufika nyuzi 10 chini ya sifuri, na vileleni nyuzi 20 chini ya sifuri bado hujahesabu upepo.

Viza na bima

Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anaomba viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15 kabla. Usisubiri siku 15. Novemba na Desemba miadi hujaa. Ada kwa mtu mzima ni euro 90. Omba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi: ukilala Zermatt siku 4 na Milano siku 6, maombi yako ni ya Italia, na ukipeleka kwa Waswisi yanaweza kukataliwa kwa sababu hiyo peke yake.

Bima ya viza lazima ilipie matibabu ya angalau euro 30,000 pamoja na kurudishwa nyumbani. Wengi hukosea hapa. Bima ya bei nafuu inayotosha kupata viza mara nyingi huandika ndani yake kwamba haihusu michezo ya theluji. Ukivunjika mguu juu ya mlima na helikopta ikakufuata, ankara ya helikopta ni yako, na huhesabiwa kwa maelfu ya franka. Kabla ya kulipa, soma mkataba na utafute mambo matatu: skii kwenye njia rasmi, uokoaji mlimani kwa helikopta, na madhara utakayomsababishia mtu mwingine. Hilo la tatu ni sharti la sheria ukivuka kwenda kuteleza upande wa Italia. Kama halijaandikwa, mwombe wakala aliandike.

Kufika

Ndege huunganishwa Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul na kushuka Zürich au Geneva. Viwanja vyote viwili vina kituo cha treni. Kutoka Zürich ni takriban saa tatu na nusu, kutoka Geneva karibu saa nne, na njia zote mbili hukutana mji wa Visp. Hapo unahamia treni nyekundu ya reli nyembamba, Matterhorn Gotthard Bahn, inayopanda hadi Zermatt kwa muda unaozidi saa moja kidogo, huku sehemu zenye mwinuko mkali ikishika reli ya meno, yaani reli ya katikati inayoizuia isiteleze. Reli hiyo ilifika Zermatt mwaka 1891.

Muda wa kubadilisha treni Visp ni dakika chache tu. Mwenye masanduku matatu makubwa ataiona treni ikiondoka. Beba sanduku moja unaloweza kulinyanyua mwenyewe na begi la mgongoni. Ukiikosa treni, usihangaike. Nyingine huja, kwa kawaida ndani ya saa moja, na tiketi ya kawaida haifungwi na treni moja. Angalia tu kwamba hukununua tiketi ya punguzo iliyofungwa kwa saa maalumu, maana hiyo nayo ipo.

Anayekodi gari huliacha kijiji cha Täsch, kilomita 5 chini ya mji, kwenye maegesho ya ndani yaliyo kituoni, kisha hupanda treni ya dakika 12. Magari ya mafuta hayaruhusiwi mjini. Ndani ya Zermatt kuna mabasi na teksi ndogo za umeme, na hoteli kubwa huja kukupokea kituoni ukiwaambia mapema saa ya treni yako. Teksi hizo hazina mlio. Mgeni anayepiga picha katikati ya njia haisikii inapomkaribia. Tembea pembeni na geuka kabla ya kuvuka.

Mahali pa kulala

Usiulize nyota tu, uliza umbali kwa miguu hadi kwenye lifti ya kupandia mlimani utakayoitumia. Mji umejipanga kwa urefu: kituo cha treni kiko kaskazini, treni ya kupanda mlima wa Gornergrat iko mkabala nacho, mlango wa treni ya Sunnegga, wanakojifunzia wanaoanza, uko dakika chache ng'ambo ya mto, na magari ya waya, yanayoning'inia kwenye kamba za chuma, ya kwenda kituo cha juu cha Matterhorn Glacier Paradise yako mwisho wa kusini. Kutembea kutoka kituoni hadi huko kusini huchukua kama dakika 20 kwa viatu vya kawaida. Kwa buti za skii na mbao begani ni adhabu.

Mont Cervin Palace na Grand Hotel Zermatterhof ndizo hoteli kongwe za kifahari, zote zikiwa barabara kuu. The Omnia iko juu ya mwamba. Unaingia kwa njia ya chini ya ardhi kisha lifti ndani ya mwamba. Riffelalp iko mita 2,222, juu ya mji kabisa, na hufikiwa kwa treni ya Gornergrat: kimya kikubwa na mandhari mazuri, lakini usiku ukitaka kushuka mjini kula unafuata ratiba ya treni. Anayependa maduka na mikahawa asiichague hiyo.

Unapolinganisha bei, tazama kama ni kulala na kifungua kinywa au ni pamoja na chakula cha usiku. Chakula cha usiku cha hotelini huonekana ghali kwenye karatasi, lakini mkahawa wa nje mara nyingi hukuzidishia. Kodi ya mgeni hutozwa juu ya bei ya chumba, kwa kila mtu na kila usiku.

Mavazi

Siri ya baridi ni ukavu. Jasho likibaki mwilini, ukisimama dakika 10 kwenye lifti unaanza kutetemeka. Kwa hiyo pamba haifai: fulana ya pamba hunywa jasho na kulishika. Jinzi ni mbaya zaidi, kwani hulowa theluji na kuganda.

Vaa tabaka tatu. Linalogusa ngozi liwe la sufu laini ya merino au poliesta, juu na chini. Mbili kwa siku tano zinatosha kwa kubadilishana. La pili liwe sweta la flisi au koti jembamba lenye manyoya. La juu ni koti na suruali visivyopitisha maji. Tafuta lebo ya kuzuia maji inayosema milimita 10,000 au zaidi. Koti na suruali vinakodishwa mjini, na kwa mtu asiye na mpango wa kurudi kila mwaka kukodi ndiyo busara. Usikodi glavu wala soksi, nunua. Glavu ambazo vidole vinne hukaa pamoja huhifadhi joto kuliko zenye vidole vilivyotengana.

Mwenye rasta nene au misuko mikubwa ya juu apange nywele kabla ya safari. Helmeti hukaa kwenye fuvu, na fundo la nywele kisogoni huisukuma mbele hadi kwenye macho. Misuko myembamba iliyolala, yenye mikia inayoshuka shingoni, hukaa vizuri. Anayevaa hijabu atumie ya michezo inayobana, au kofia nyembamba inayofunika kichwa na shingo, ndani ya helmeti. Mtandio unaoning'inia ni hatari kweli: unaweza kunaswa kwenye lifti.

Jua la theluji linadharauliwa na watu wa kwetu kwa kuwa tumezoea jua. Theluji mpya hurudisha juu sehemu kubwa sana ya mionzi, hivyo inakupiga kutoka chini pia, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi inavyozidi. Ngozi nyeusi nayo huungua. Paka krimu ya kinga 50 usoni, chini ya kidevu na ndani ya pua, rudia kila saa mbili, na midomo uipake mafuta mazito yenye kinga. Miwani ya theluji ina madaraja: S1 kwa siku ya mawingu, S3 kwa jua kali. Ukivaa ya S3 kwenye ukungu huoni mabonde madogo ya njia na utaanguka bila kujua kilichokuangusha.

Kuna jambo dogo linalosumbua wengi usiku wa kwanza: chaji ya pini tatu ya Kenya na Tanzania haiingii kwenye soketi ya Uswisi. Chaji ya pini mbili nyembamba inaingia. Ile nene ya duara ya Ujerumani haiingii. Nunua adapta ya Uswisi. Pia hakikisha laini yako ya intaneti inataja Uswisi kwa jina, kwa sababu vifurushi vingi vya Ulaya huiacha nje.

Kukodi vifaa

Nenda jioni ya siku unayofika, sio asubuhi yenye foleni. Fundi atakuuliza urefu, uzito, umri na uzoefu wako. Sema uzito wa kweli. Namba hizo ndizo anazotumia kupanga nguvu ya vifungio, vile vinavyoshika buti kwenye mbao. Ukijipunguzia uzito, vifungio vitaachia ovyo. Ukijiongezea au ukidai unajua wakati hujui, havitaachia unapoanguka, na goti ndilo litakalopinda. Majeraha ya mishipa ya goti ni ya kawaida sana katika mchezo huu.

Buti ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti, virudi nyuma na kisigino kisipande. Vaa soksi moja, nyembamba na ndefu hadi chini ya goti. Soksi mbili hubana damu na kuleta baridi zaidi, na suruali ya ndani isiingie ndani ya buti, maana mshono wake utakuumiza baada ya saa moja. Kama buti inauma dukani, itauma zaidi mlimani. Duka zuri hubadilisha hata kesho yake bila malipo, kwa hiyo rudi.

Mbao za anayeanza ziwe na urefu kati ya kidevu na pua. Fupi hugeuka kwa urahisi.

Siku ya kwanza kwenye theluji

Kata tiketi ya lifti ya siku kadiri unavyohitaji, sio ya wiki nzima. Bei hubadilika kulingana na siku na mapema ya kununua, na msimu ukipamba moto siku moja hukaribia au kuzidi franka 100. Anayeanza hahitaji tiketi ya eneo lote lenye kilomita 360 za njia kwa pamoja na upande wa Italia. Kwa siku mbili za mwanzo atakuwa kwenye kipande kidogo tu cha theluji.

Kipande hicho kiko Sunnegga, mita 2,288. Unapanda kwa treni ya ndani ya mwamba kwa dakika chache, kisha unashuka hadi uwanja wa wanaojifunza, kando ya ziwa dogo la Leisee, wenye mkanda unaokupandisha ukiwa umesimama. Lipia mwalimu. Rafiki anayejua kuteleza si mwalimu; atakupeleka mahali anapopaona rahisi na utabaki huko ukilia.

Kabla ya kupandisha buti kwenye mbao, gonga soli ili theluji idondoke. Theluji iliyoshikana chini ya buti huzuia vifungio kufunga sawasawa au kuachia inapotakiwa. Kisha jifunze kwa mpangilio huu: kutembea na mbao moja, kuteleza kwenye tambarare, kusimama kwa kukaribisha ncha za mbele na kutanua mikia, ndipo kugeuka. Uzito uwe mbele, miundi (mifupa ya mbele ya miguu) ikiegemea ulimi wa buti. Mwoga huegemea nyuma, na akiegemea nyuma mbao hukimbia bila kumsikiliza. Ukianguka, kwanza weka mbao chini yako upande wa bondeni, zikikata mteremko kwa mapana, ndipo usimame. Zikielekea chini utateleza tena kabla hujanyooka.

Njia za Uswisi zina rangi: bluu ni rahisi, nyekundu ya wastani, nyeusi ngumu, na njano ni njia isiyosawazishwa na mashine. Hakuna kijani kama Ufaransa. Aliye mbele na chini yako ana haki. Anayekuja kutoka juu ndiye anayepaswa kumkwepa. Usisimame katikati ya njia wala chini ya mgongo wa mlima usipoonekana. Tazama juu kabla ya kuanza tena.

Saa tisa na nusu alasiri, njia za kurudi mjini hujaa watu waliochoka, na theluji imeshakuwa barafu. Ni rahisi kuumia hapo. Shuka kwa treni uliyopandia. Hakuna aibu yoyote, na tiketi yako tayari inailipia.

Kwa asiyeteleza

Gornergrat ndiyo safari ya kwanza kufanya kukiwa na anga safi. Treni hii ya umeme ya reli ya meno ilifunguliwa mwaka 1898. Hupanda kilomita 9 kwa dakika 33 hadi mita 3,089. Kaa upande wa kulia ukipanda. Matterhorn iko huko. Usinunue tiketi ya siku maalumu wiki mbili kabla. Fungua kamera za moja kwa moja za mlimani asubuhi, hotelini huzionyesha kwenye televisheni, kisha ukate tiketi ukiona kilele. Mwenye Swiss Travel Pass, tiketi ya watalii ya usafiri wa Uswisi, hulipa nusu. Unaposhuka, teremka kituo cha Rotenboden ukodi kijisleji, kiti cha kutelezea theluji, na uteleze hadi Riffelberg, ukiwa na buti zenye kushika vizuri kwa sababu breki ni miguu yako.

Matterhorn Glacier Paradise iko mita 3,883, kituo cha juu kuliko vyote vya magari ya waya barani Ulaya. Kwa anayeujua Kilimanjaro, ni juu kuliko Horombo. Tofauti ni kwamba Horombo unafika kwa siku mbili, hapa unafika kwa chini ya saa moja kutoka mjini. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ni vya kutarajia. Usiende siku ya kwanza, kunywa maji, tembea polepole juu, na kizunguzungu kikizidi shuka. Kushuka ndiyo dawa. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, au mjamzito, aongee na daktari kabla.

Tangu Julai 2023 magari ya waya huvuka kutoka hapo hadi kituo cha Testa Grigia, mpakani, na kuendelea kushuka Cervinia, Italia. Chakula cha mchana huko ni kizuri na nafuu zaidi. Ila sikiliza: upepo ukivuma, vituo vya juu hufungwa bila kukungoja. Uliza saa ya mwisho ya kurudi na uondoke saa moja na nusu kabla yake. Ukibaki Italia, kurudi kwa gari ni safari ya saa kadhaa kuzunguka milima, kwa bei ya kuumiza. Beba pasipoti, kadi ya benki na dawa zako.

Mlima ukifungwa wote, kuna jumba la makumbusho la Matterhorn karibu na kanisa. Ndani yake imo kamba iliyokatika tarehe 14 Julai 1865, siku mpanda milima Mwingereza Edward Whymper na wenzake walipofika kileleni kwa mara ya kwanza na wanne kati ya saba wakafa wakishuka.

Chakula

Kwa Mwislamu, fondue, jibini la moto la kuchovya mkate, ndiyo mtego. Jibini lile huyeyushwa kwa divai nyeupe, na mara nyingi huongezwa pombe kali ya cheri. Haitajwi kila mara kwenye menyu. Mikahawa inaweza kuitengeneza bila pombe ukiwaambia unapoweka nafasi, sio ukishakaa. Raclette, jibini lililoyeyushwa kwa viazi, huwa haina pombe ndani yake, lakini sahani inaweza kuja na nyama ya nguruwe pembeni. Rösti ya viazi nayo huwekwa vipande vya nguruwe, sema mapema. Uswisi hairuhusu kuchinja mnyama kama ng'ombe au mbuzi bila kumzimisha fahamu kwanza, hivyo nyama halali nyingi huagizwa kutoka nje na si rahisi kuipata mlimani. Samaki, mboga na mayai vitakutosha.

Sahani moja ya mchana kwenye mkahawa wa mlimani huwa franka 25 hadi 35. Coop, duka kubwa la vyakula, iko mkabala na kituo. Mkate, jibini na matunda vya huko vinapunguza bajeti sana. Maji ya bomba ni safi, jaza chupa. Huduma imo kwenye bei; kuongeza franka chache kwa aliyekuhudumia vizuri kunatosha.

Hatari

Usitoke nje ya njia zenye alama bila mwongozaji mwenye leseni. Hatari ya maporomoko ya theluji hutangazwa kwa daraja 1 hadi 5. Watu hujidanganya kwamba 3 ni katikati, kumbe vifo vingi hutokea siku za 3. Kwenye barafuto kuna nyufa zilizofunikwa na theluji ya juu; alama ya mguu wa mwingine si uthibitisho kwamba pako salama. Namba ya dharura katika Valais ni 144. Simu iwe mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi huiua betri hata ikiwa na asilimia 60.

Kuondoka

Januari 2018 theluji ilifunga reli na barabara, na wageni wapatao 13,000 wakakwama. Baadhi walishushwa kwa helikopta hadi Täsch. Kwa hiyo shuka siku moja kabla ya ndege na ulale Zürich, Geneva au hata Visp. Bei ya usiku huo ni ndogo kuliko tiketi mpya ya kurudi Nairobi au Dar es Salaam. Rudisha vifaa jioni ya siku ya mwisho na udai risiti.

Kama ulinunua saa au koti kwa franka 300 au zaidi katika duka moja, uliza fomu ya kurudishiwa kodi wakati wa kulipa. Uwanjani, peleka fomu na bidhaa kwa forodha kabla ya kukabidhi sanduku, kwa sababu wanaweza kutaka kuiona bidhaa yenyewe, na sanduku likishaingia kwenye mkanda huwezi kuwaonyesha.